Siku Tuliyouhifadhi Ubao wa Macho

Mimi sikusoma sana. Chuo cha Kurani nilikwenda, nikahitimu, na nilivyohifadhi utotoni havijanitoka mpaka leo. Skuli niliionja tu, kisha marehemu mamangu akasema mtoto wa kike anayejua kuhesabu samaki na kurudisha chenji ametosha. Kwa hivyo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, aliponijia jikoni akiwa daktari wa macho mzima, na koti lake jeupe limetundikwa mlangoni, akaniambia anataka kuanza utafiti, nilimjibu waziwazi.

"Wewe umesoma mpaka miwani imekuota. Sasa wasoma nini tena?"

"Si kusoma, Nyanya. Ni utafiti. Natafuta jambo ambalo bado hakuna anayelijua."

"Na kama hakuna anayelijua, utamuuliza nani?"

Akacheka, akavuta kibao akakaa, akachukua kisu akanisaidia kumenya kitunguu thomu. Alikuwa na jambo. Mjukuu wangu hashiki kisu bure.

Akanieleza. Hospitali anaingia asubuhi, foleni imefika getini. Anatibu mpaka macho yake yeye ndiyo yanayotaka daktari. Na kila siku anaona jambo lile lile: wanawake wa mji wetu, wa hapa hapa Mji wa Kale na Bondeni, wanakuja jicho limeshaharibika. Hospitali iko karibu, hata kwa miguu unafika. Kwa nini hawaji mapema? Hilo ndilo alilotaka kulijua, na hakuwa na saa moja ya kuliuliza, kwa sababu foleni haingoji maswali.

Sasa kuna mfuko wa watu wanaotoa pesa kwa matabibu wa macho wanaotaka kuwa watafiti. Mfuko ule unailipa hospitali iweke daktari mwengine kwenye ile foleni. Wewe unapewa miaka kadhaa, sehemu kubwa ya siku zako ni utafiti, na sehemu ndogo unaendelea kutibu ili mkono usisahau. Lakini hawampi mtu peke yake. Lazima uwe na mlezi, mtafiti aliyekwishakomaa, akushike hatua kwa hatua, akukosoe, akuonyeshe, mpaka siku utakayoweza kusimama mwenyewe.

"Bila mlezi hawatoi," akasema.

"Kumbe ni somo," nikamwambia. Maana kwetu mwari hapelekwi kwa mumewe bila somo wa kumfunda, na somo si mamako. Mama ana haya na huruma. Somo hana vyote viwili. "Na somo wako ni nani?"

"Profesa mmoja, mwanamke wa bara."

"Mkali?"

"Pilipili."

"Basi anafaa. Na wasipokupa?"

Hapo akamenya thomu moja mpaka ikabaki kama punje ya mchele. "Kuna hospitali ya Ghuba wananitaka," akasema. "Nimewaambia wangoje kidogo."

Watoto wangu wawili wako Ghuba. Wanarudi na mablanketi na manukato, na wajukuu wanaoniomba maji kwa Kiarabu. Huyu ndiye niliyebaki naye nyumbani, ndiye anayejua chumvi iko wapi. Thomu ile niliitwanga mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi, wenye mfuko ule walikuwa watume watu wawili waje wamtazame yeye, wamtazame na mlezi wake, na waone jaribio dogo la kazi yake. Jaribio lenyewe lilikuwa hivi: badala ya kungoja wanawake waje hospitali, mjukuu wangu angewapima macho katika ukumbi wa harusi pale Bondeni, mahali wanapopazoea. Likienda vizuri, wageni wataamini kwamba kazi kubwa inawezekana. Likiharibika, kuna wengine nyuma yake wanaoitaka nafasi ile ile.

"Nyanya, niletee wanawake," akaniambia. "Wewe wanakusikiliza."

"Nitakuletea."

"Waje kama walivyo."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Lakini kwetu hakuna mtu anayekwenda mbele ya wageni kama alivyo. Hata paka wa nyumba hii mgeni akija anatolewa. Wageni wakija, kichochoro kinafagiwa, udi unafukizwa, na mwenye kusoma kasida anaisoma wiki nzima kabla asije akatia watu aibu. Mtu hasimamishwi mbele ya watu kufanya jambo ambalo hajalizoea. Hayo ndiyo malezi yangu mimi.

Na ule ubao wa macho ulikuwa umebandikwa juu ya friji yangu.

Mjukuu wangu aliuweka hapo mwenyewe, apime umbali wa kusimama. Si ubao wa herufi nyingi. Ni herufi moja tu, mfano wa kitana chenye meno matatu, imerudiwa mstari baada ya mstari, kubwa juu, na kila ukishuka inapungua mpaka mwisho inakuwa kama chawa. Mara meno ya kitana yanatazama juu, mara chini, mara kulia, mara kushoto. Mpimwaji hasomi kitu. Ananyoosha mkono kule meno yanakotazama, basi. Wametengeneza hivyo kwa ajili ya watu kama sisi, wasiosoma. Nikauangalia ubao ule siku mbili nikipika. Siku ya tatu nikatuma wito.

Walikuja alasiri, mjukuu wangu yuko kazini. Alikuja wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mtu wa ngoma ya lelemama tangu ujana. Akaja shoga yangu anayeuza viazi karai pale pembeni. Akaja na bibi mmoja mkongwe wa kichochoro cha nyuma, mwenye bakora, ambaye sote tunamwita Mama kwa sababu ametuona tukizaliwa. Na wengine, wakajaa mpaka ngazini. Nikawapa kahawa na kaimati, kisha nikawaambia: "Mjukuu wangu atawapima macho mbele ya wageni kutoka mbali. Sitaki mtu wa mtaa wangu asimame pale aseme 'sioni'. Tutauhifadhi huu ubao."

"Wote?" akauliza shoga.

"Wote mpaka chini. Kwani juzuu tulihifadhije?"

Ule mstari wa mwisho hata mimi sikuuona, nikaupiga picha kwa simu nikautanua kwa vidole. Tukaanza. Juu, kulia, chini, chini, kushoto. Tena. Juu, kulia, chini, chini, kushoto.

Wifi alikuwa kila akinyoosha mkono anauzungusha kwanza, kisha anautupa, na bega linafuata.

"Wifi, hapa si ngomani."

"Wifi yangu, mkono ukiwa mzuri na jicho litadhaniwa zuri. Wacha wageni wafaidi."

Aliyenitesa ni shoga. Yeye anageuza viazi kwa mkono wa kushoto, na maisha yake yote ameuona huo ndio mkono wa maana.

"Shoga, kulia!"

"Si huu?"

"Huo ni wa kushoto! Wa kulia ni ule wa kulia chakula."

"Viazi vikiwa vya moto nala kwa yote miwili."

Nikampiga kofi la mkono, mwisho nikamfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mama wa bakora, yeye alihifadhi kabla ya kahawa kupoa. Alikaa amefumba macho, akasikiliza mara moja, akausoma ubao wote bila kukosa, akaomba kaimati. Jua lilipopungua tulikuwa tunasoma kwa pamoja kama watoto wa chuo, tukiyumba. Muuza kahawa alipopita chini dirishani akaitikia "Amin".

Siku ikafika. Ukumbi ulinukia udi mpaka ngazi ya nje. Wanawake walikuja wamejipamba kama wanaokwenda kumtoa bibi harusi, na wifi alikuwa na gauni la dhahabu chini ya buibui, akakuta mmoja wa wageni ni mwanamume, kwa hivyo buibui halivuliki.

"Mbona hukusema kuna mwanamume?" akanong'ona. "Nimejibana kwa tumbo hili kwa ajili ya nani sasa?"

Wageni walikuwa mzee mmoja mpole mwenye mvi, na bibie kijana aliyeandika kila kitu, hata tulipomsalimia. Walitoka uwanja wa ndege wakapitia Kibarani na njia ikawachelewesha, kwa hivyo tukawasalimia kwa kirefu kuwaondolea uchovu. Habari za safari, za nyumbani, za watoto, za wazee, za watoto tena. Profesa naye alikuwapo, mwanamke mrefu, mkavu, viatu vya chini. Alinipa mkono, akanitazama kama mtu anayetazama samaki kabla ya kununua. Nikampenda hapo hapo.

Mjukuu wangu alikuwa amevaa koti lake. Nilimwona akibandika ubao ukutani, akaubandua, akaubandika tena. Nikamfanyia ishara kwa jicho: usijali, mambo yamepangwa. Yeye akadhani namwombea dua.

Wa kwanza alikuwa wifi. Akafunikwa jicho moja, akasimama kwenye alama. Mkono ukazunguka, ukatupwa. Juu. Kulia. Chini. Chini. Kushoto. Mpaka chawa wa mwisho, na bega lake.

"Mashallah," mjukuu wangu akasema, akaandika. "Jicho la pili."

La pili pia. Bibie mgeni akaandika. Mzee mgeni akatikisa kichwa kwa heshima.

Akaja wa pili, akapata yote. Wa tatu, yote. Wa nne, yote, tena kwa haraka kuliko wenzake, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mjukuu wangu akaanza kuandika polepole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mimi nimekaa kwenye kiti cha bibi harusi nimejaa raha.

Akaja Mama wa bakora. Huyu aliletwa ameshikwa mkono. Njiani aliisalimia nguzo ya ukumbi, "Asalaam aleykum, hujambo mwanangu," na ilipokosa kumjibu akakasirika. Alipoambiwa akae kidogo angoje, alikaa juu ya mkoba wa bibie mgeni. Kisha akasimama kwenye alama, akafunikwa jicho, akausoma ubao mpaka chini bila kosa hata moja. Tena alikuwa amesimama upande, akiuelekea mlango wa choo.

Profesa alikunja mikono kifuani. Mjukuu wangu alimtazama, na yeye akamtazama tu.

"Shoga," nikanong'ona, "zamu yako. Uzi mwekundu."

Shoga akaenda. Lakini safari hii mjukuu wangu hakuanza juu. Alichukua kijiti, akagusa kitana kimoja katikati ya ubao. "Hiki hapa, meno yanatazama wapi?"

Shoga akautazama uzi wake.

"Hiki, mama."

"Mwanangu, usinikatize," shoga akamwambia. "Wacha nianze juu. Nikianzia katikati napotea."

"Kwa nini upotee? Si unakiona?"

"Nakiona! Mato yangu mazima! Lakini kila kitu kina mwanzo wake. Wewe ukisoma Yasini waanzia katikati?"

Akafumba macho, akavuta pumzi, akaanza: juu, kulia, chini, chini. Na hapo feni ya ukumbi, ambayo siku zote inazunguka kama inaomba ruhusa, ikapata nguvu ghafla. Ubao ukapepea, gundi ikaachia, ukaanguka chini. Ukutani hapana kitu. Shoga akaendelea. Kushoto, kulia, juu, juu, chini. Alisoma ukuta mtupu mstari baada ya mstari, na uzi mwekundu unakwenda huku na huku, mpaka akamaliza. Kisha akafumbua macho, akasema kwa kujitapa: "Na hiyo ya mwisho kabisa naiona wazi kuliko zote."

Mzee mgeni akakohoa. "Mama," akamwuliza kwa upole, "umesoma nini?"

"Ubao."

"Ubao uko chini sakafuni."

Shoga akatazama sakafuni. "Basi hata hapo chini nauona," akasema.

Mjukuu wangu akageuka, taratibu, akanitazama mimi kwenye kile kiti.

"Nyanya."

"Labeka."

"Umefanya nini?"

Sikuhitaji kujibu, kwa sababu shoga alishanielekeza kidole, cha mkono wa kushoto. "Yule pale ndiye mwalimu wetu. Na alinipiga kofi la mkono."

"Ndiyo, nimewafundisha," nikasema. "Na mmeona wenyewe wamefundishika."

Wifi ndiye aliyeangua kicheko cha kwanza, kisha wote, na mzee mgeni akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Mjukuu wangu hakucheka. Alikwenda mezani, akazikusanya karatasi zote za asubuhi ile, zile zenye alama nzuri tupu, akazichana mara mbili mbele ya wageni.

"Haya siyatumii," akasema. "Hapa hayakupimwa macho. Kulipimwa kuhifadhi, na kwa kuhifadhi wamepasi wote."

Mzee mgeni akaacha kucheka. "Lakini hili ndilo jaribio ulilotuitia."

"Ndiyo."

"Unalo jengine la kutuonyesha leo?"

"Sina."

Nikaiona ndege ya Ghuba ikipita mle mle ukumbini. Nilitaka kusimama, niseme jamani zibandikeni zile karatasi kwa gundi, nyingine ni za wanawake wenye macho mazuri kweli. Profesa akaniwekea mkono begani. Ulikuwa mzito kama mfuko wa unga. Nikakaa.

"Endelea," Profesa akamwambia mjukuu wangu. Neno hilo moja tu.

Mjukuu wangu akavuta kiti, akakaa katikati ya wanawake, kama anavyokaa jikoni kwangu. "Mama zangu," akasema, "hamkuona haya kunidanganya mimi. Mmeona haya kusema hamuoni. Kwa nini?"

Wakatazamana. Kila mmoja akalitengeneza buibui lake. Mwisho Mama wa bakora akapiga bakora sakafuni.

"Kwa sababu ya mchele," akasema.

"Mchele?"

"Mtoto wa mjini wewe, hujui mchele? Kukiwa na harusi, nani anachambua mchele?"

Hapo kila mtu akafunguka mdomo. Maana kwetu kabla ya harusi wanawake wazima wanaitwa kuchambua mchele, masinia yamepangwa uani, na hapo ndipo ulimwengu wote unapozungumzwa. Nani ameposwa, nani ameachwa, nani amekata kitambaa kimoja cha sare na nani. Mtu akijulikana haoni, anaambiwa kwa adabu, "Wewe pumzika, Mama, kaa sebuleni," na akishawekwa sebuleni hakuna tena anayemwambia kitu. Harusi yote anaisikia kwa mbali kama redio ya jirani.

"Na ukienda hospitali ya macho," wifi akasema, "kila mtu anakuona foleni. Jioni habari ishafika mpaka Liwatoni kwamba wewe kipofu."

"Mimi mwaka uliopita niliacha mawe kwenye pilau," akasema shoga. "Shemeji wa bwana harusi alivunjika jino. Nikalilaumu duka."

"Kumbe ni wewe!" akapiga kelele mmoja wa nyuma. "Yule ni ndugu yangu!"

Ikawa vurugu. Lakini mimi nilikuwa namtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameshika kalamu na haandiki. Nimemlea, nauelewa uso wake. Ni uso aliokuwa nao akiwa mdogo akitaka kuifungua saa ya babu yake.

"Profesa," akasema, "swali langu lilikuwa bovu. Nilidhani hawaji kwa sababu ya nauli na foleni. Sasa kama wanakubali kukaa kwenye sinia, tuwapimie kwenye sinia. Tutie mawe kwenye mchele, tuone wanayapata au hawayapati. Hakuna atakayeona aibu."

Nikadhani somo wake atampongeza. Wapi!

"Mawe mangapi?" Profesa akauliza.

"Tutaamua."

"Makubwa kiasi gani? Rangi gani? Mchele mweupe na jiwe jeusi hata mimi nitaliona nikiwa nimesinzia."

"Tutatumia mawe meupe pia."

"Mwanga wa uani au wa ndani? Asubuhi au jioni? Umbali gani kutoka usoni? Na utajuaje kwamba sinia lako linapima jicho, si uvivu?"

"Tutawapima kwa sinia, kisha hao hao kwa ubao, tulinganishe."

"Ubao gani? Huu wanaoujua hata ukiwa sakafuni?"

"Wa kugeuzwa herufi. Kila mmoja na wake."

Profesa akatembea mpaka kwa Mama wa bakora, akainama. "Mama, wewe mawe unayaonaje?"

"Kuyaona?" Mama akamshangaa. "Mwanangu, mimi nayapapasa. Jiwe lina ubaridi wake."

Profesa akageuka. "Umesikia? Kipimo chako kimekufa. Anapima kwa vidole."

Mjukuu wangu akauma mdomo. Ukumbi wote ulikuwa unamngojea sasa, hata wanaogombana juu ya lile jino. "Atavaa glavu," akasema.

"Glavu!" wifi akaruka. "Kwenye mchele! Kwani twamzalisha mtu?"

"Basi aguse kwa kijiti. Asiguse kwa mkono. Aonyeshe tu."

"Sasa umeanza kufikiri," Profesa akasema. "Kesho utaniletea sababu kumi za kwa nini hata hilo halitafanya kazi."

Lo! Hata mimi sikuwahi kumkaripia hivyo, na nimemchapa kwa maneno tangu akiwa na meno mawili. Nikaona bibie mgeni ameacha kuandika, amekaa ukingoni mwa kiti, mdomo wazi kama anayetazama mpira. Mzee mgeni akamwuliza Profesa, "Huwa mko hivi kila siku?"

"Hapana," Profesa akasema. "Leo kuna wageni, nimejizuia."

Tukawalisha biriani, kwa kuwa la muhimu halingeachwa. Mzee mgeni alitafuna kwa uangalifu sana.

Wiki zilizofuata sikuzipenda. Mjukuu wangu alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu ningelaumiwa ningejibu. Wale wa Ghuba walikuwa wanapiga simu, nami nikawa kila simu ikilia nawasha blenda.

Kisha siku moja, mchana, niko na unga mikononi, akapiga yeye kutoka hospitali. Nikasikia kelele za foleni nyuma yake.

"Nyanya. Wamenipa."

"Wamekupa nini?"

"Nafasi. Miaka yote. Wameleta na daktari wa kunishikia foleni."

"Na Ghuba?"

"Nimeshawaambia hapana."

Nikaufuta unga mikononi. "Umekula?" nikamwuliza.

"Bado."

"Basi njoo ule. Mtafiti mwenye njaa atatafuta nini?"

Akanieleza tukila. Mzee yule alimwambia Profesa kwamba wengine wote waliwaonyesha matokeo safi. Huyu peke yake alikuwa nayo safi mkononi akayachana, na mlezi wake hakumwokoa wala hakumwacha. Wanachotaka kulipia ni hicho.

"Kwa hivyo ni mimi niliyekupatia," nikamwambia.

"Profesa alijua utasema hivyo. Amenipa ujumbe nikuletee."

"Anasema nini?"

"Kazi ikianza, usikaribie mlango."

Kwa hivyo kazi yenyewe ilipoanza, mimi nilipewa kiti nje ya ukumbi, karibu na viatu, na amri ya kutozungumza na anayeingia. Nikakaa. Wanawake wakapita mbele yangu mmoja mmoja, wamebana midomo, na nikawajibu kwa kichwa tu. Huko ndani masinia yalikuwa yamepangwa, na vijiti, na mbao za kugeuzwa. Nikasikia sauti ya mjukuu wangu, ya upole: "Jiwe liko wapi hapa, mama?"

Na sauti ya shoga, kubwa, imejaa fahari, maana tangu siku ile ya mawe kutoona si aibu tena: "Silioni!"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo! Sinia lenyewe nalisikia tu!"

"Hiyo si kitu," wifi akaingilia, akiwa bado kwenye foleni. "Mimi hata shoga mwenyewe simuoni."

"Mimi sijaona tangu Ramadhani!" akadai wa tatu.

"Ramadhani ipi? Mimi tangu niolewe!"

Mlango ukafunguka. Mjukuu wangu akatoa kichwa, miwani imemteremka puani, na nyuma yake nikaona kivuli kirefu cha Profesa kimekunja mikono.

"Nyanya," akasema, "umewafundisha tena?"

"Wallahi," nikamwambia, "leo sijafungua mdomo. Hao ni wao wenyewe."